Mama Anapaa Vizuri Kuliko Mchele

Kambini kwa Baba,
Mto Aniak,
Alaska.

Tarehe 4 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Zakar,

Pokea salamu zangu zenye harufu ya moshi wa samaki. Karatasi hii imeshinda karibu na kibanda cha moshi, nadhani utainusa kabla hujaisoma. Hujambo wewe? Wifi yangu Marisol hajambo? Na Baba je, meno yanaendelea kuota vizuri? Kila nikiandika hivyo nacheka peke yangu, nikimfikiria karani wa posta akisoma kwamba baba yetu anaota meno. Lakini jina ni jina. Tangu Mama alipompa binti yako jina la marehemu, Nacaq, kwetu sisi huyo mtoto ndiye Baba, na Mama hamwiti kwa neno jingine ila mume wangu.

Nasikia joto la Tucson bado linakaanga watu, nawe unashinda juu ya mapaa ukitengeneza vipoza hewa. Binamu Evon husema Mungu naye ni mtani, kamtoa mtu Alaska akawauzie watu wa jangwani baridi. Natumaini mgongo wako umepona na kwamba unakunywa maji ya kutosha.

Sisi hapa hatujambo. Nimeliandika neno hilo kisha nimelitazama kwa muda. Nitalirudia huko mbele.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu zetu unazijua. Wewe unasema uko sawa, mimi nasema niko sawa, Mama anapewa simu anasema yuko sawa, halafu tunazungumza habari za mvua na joto mpaka laini inakatika. Leo nina karatasi na nina muda. Mawingu yamekaa juu ya misonobari tangu jana na hayana haraka ya kwenda popote. Ndege nimeifunga kwa kamba. Naandika juu ya boksi la biskuti ngumu, na Mama yuko upande wa pili wa jiko anakoroga akutaq, beri na mafuta na sukari kwenye bakuli moja. Beri za mwaka huu ni nyingi mno, ulimi wake umekuwa wa bluu kama wa mtoto. Mvua inapiga turubai, nasinzia, naamka, naandika mstari, nasinzia tena. Kwa hiyo usishangae barua ikitangatanga.

Nianze na ufuko. Unaukumbuka ufuko wetu wa kokoto hapa mbele ya kambi, ule ambao Baba aliufyeka mierebi kwa shoka kiangazi kizima ili ndege yake ipate pa kutua. Tulikuwa tukikimbizana toka mwanzo wake hadi kwenye kile kisiki chenye kitambaa chekundu, na tulifika tunahema. Barafu ya mwaka huu ilipovunjika ilishuka na magogo, mto ukafurika, na maji yalipopungua karibu nusu ya ufuko ilikuwa imekwenda nayo. Kisiki kimebaki na kitambaa chake, lakini ng'ambo ya kisiki hakuna tena kokoto, ni maji tu. Na kule chini magogo yameuziba mto, mashua haipiti. Anayetaka kufika kambini sasa ni lazima aje kwa ndege, na ndege yenyewe itue kwenye hicho kipande kilichobaki.

Aniak nzima ilisema kambi ya mzee Nacaq basi tena. Mama alichukua jiwe la kunolea. Alikaa kibarazani akinoa kile kisu chake cha nusu mwezi, anakijaribu kwa ukucha, ananoa tena, na samaki wa kukata hakuwepo hata mmoja. Wewe unamjua. Mama akinoa namna ile, mtu anatafuta viatu vyake aende akafanye kazi.

Nikamfuata Evon kwenye banda lake. Ndege ya Baba unaijua, ni ya kitambaa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kwa ufuko wa zamani ilitosha kabisa. Kwa ufuko wa sasa ilibidi ijifunze upya kuruka na kutua pafupi. Nilimweleza Evon, naye akaweka kikombe chake chini taratibu kama mtu aliyeletewa msiba.

"Dada, unataka itue pafupi kiasi gani?"

"Nimeshakwambia. Toka majini mpaka kwenye kisiki."

"Basi nunua helikopta, uniachie usingizi wangu."

"Nitaanza kwa kukununulia mdomo mpya, huo umechakaa."

Ndivyo tulivyoanza kazi, na hakuna siku tuliyomaliza bila kutukanana vizuri.

Kwanza tuliondoa uzito. Tulitoa betri na mota ya kuwashia, kwa hiyo sasa naiwasha kwa kuzungusha propela kwa mkono kama Baba alivyokuwa akifanya. Tulitoa zulia, tukatoa mbao za ndani, tukatoa godoro la kiti cha nyuma tukaweka la turubai. Evon akasimama, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema bado kuna mzigo mmoja haujaguswa, na kama ningeacha akutaq kwa mwezi mmoja tungeruka kabla ya kuwasha injini. Nilimrushia glovu yenye grisi.

Kisha tukafunga propela ndefu zaidi, yenye mkato mdogo. Angani haina mbio, lakini wakati wa kuondoka inavuta kama mbwa wa sleji walioona chakula. Tukaweka matairi makubwa laini yanayopita juu ya mawe bila kugombana nayo. Vile vibawa vya nyuma vinavyoshushwa wakati wa kutua, tukavirefusha. Halafu vikaja vibati, na hivi ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Kila kimoja ni kama ukucha wa kidole gumba, na tulivigandisha kwa gundi mstari mmoja mgongoni mwa bawa, karibu na ukingo wa mbele. Hewa ikipita hapo inasokotwa kidogo, na hewa iliyosokotwa inang'ang'ania bawa hata ndege ikienda polepole sana, pale ambapo zamani ingeachia na kuniangusha. Mama alikuja akavitazama, akapitisha kiganja juu yake, akasema bawa limeota magamba.

Mara ya kwanza nilikuja huku peke yangu, ndege tupu na mafuta kidogo. Nilitua, nikatembea ufuko wote kwa miguu nikiupima kwa kamba ya wavu, nikatia fundo pale kilipo kisiki. Ile kamba tuliitandaza Aniak pembeni ya uwanja, na hapo ndipo nilipofanyia mazoezi. Kama magurudumu yako chini lilipo fundo, ujue umeingia mtoni.

Lakini kuruka peke yangu haikuwa kazi, kazi ilikuwa kuruka na Mama. Nilimpandisha kwenye mizani ya mizigo pale uwanjani, maana unajua sheria yangu, sipakii mtu wala gunia bila kulipima. Alikuja amevaa koti, na ndani yake lile gauni lake la qaspeq la maua lenye ule mfuko mkubwa wa mbele, mikono yote miwili ameiingiza mfukoni kama anayeona baridi. Alipanda polepole. Uzito ulikuwa ule ule wa mwaka jana.

"Umeona?" akasema. "Mimi ni kama jiko la chuma. Sipungui wala siumuki."

Nikajaza mchele kwenye magunia mpaka ukalingana na Mama, nikayafunga kwenye kiti cha nyuma kwa mkanda wake. Nilishinda nayo angani karibu mwezi wa saba wote. Evon akawa kila asubuhi anayaamkia, "Shikamoo shangazi, umelalaje?" na kuyauliza kama yamekunywa chai. Mwanzoni fundo lilinipita nikiwa bado chini, kila asubuhi nikiingia mtoni kwenye uwanja mpana usio na maji. Nikajifunza kukanyaga breki na kutia moto wote wa injini mpaka mkia unatetemeka, kuziachia breki, kunyanyua mkia mapema, kisha kuvuta vibawa kwa mpigo mmoja pale ndege inapoanza kuwa nyepesi chini ya makalio. Mwisho nikawa naondoka na yale magunia kabla kidogo ya fundo, kila siku pale pale. Kidogo tu, lakini kila siku.

Zakar, nitajaribu kukueleza siku niliyomleta Mama, ingawa maneno yangu ni ya fundi tu. Ilikuwa mapema mwezi wa nane, ukungu umelala mtoni peke yake na juu pote ni peupe. Nilishusha vibawa, nikapunguza moto, ndege ikainua pua na kuanza kwenda mwendo ambao zamani ingeanguka. Lakini haikuanguka. Ilining'inia tu. Kivuli chetu kilikuwa kinapita juu ya mierebi bila haraka, kinapanda kichaka, kinashuka, kinapanda kingine. Korongo mmoja alikuja upande wangu, akatutazama kwa jicho moja, kisha akatupita. Sikuwa naangalia tena saa ya mwendo. Nilisikiliza hewa kwenye nguzo za bawa ikishuka kutoka sauti ya filimbi mpaka ikawa kama ya mtu anayepuliza chai. Nilihisi kwamba ningeweza kufungua mlango nikashuka na kutembea. Nilimfikiria Baba, ambaye hakuwahi kuijua ndege yake ikiwa hivi, na nilitamani angekuwa amekaa mbele na mimi nyuma.

Magurudumu yaligusa kokoto za kwanza, ambazo bado zilikuwa na maji. Tukasimama mbali na kisiki. Nikageuka nyuma.

"Tumefika, Mama."

Alikuwa amelala. Akafungua macho, akatazama nje, akatazama mto.

"Mbona hujatua?"

"Nimeshatua."

"Haya," akasema akijifungua mkanda. "Kumbe unatua kama mtu anayelaza mtoto."

Sijawahi kusifiwa na Mama kuliko hapo, na wewe unajua sifa zake zinavyopatikana kwa shida.

Habari za kambi ni njema. Samaki si wengi kama wa utoto wetu, lakini samoni wa fedha wamekuja, na chanja zimejaa nyekundu toka mwanzo hadi mwisho. Mama anakata, mimi natundika. Mchana akichoka anakaa kwenye gogo akitazama ufuko, na mara nyingine namkuta amefumba macho akitabasamu. Anasema anamuota mumewe akitembea kwenye kokoto kwa miguu mifupi, anaokota mawe na kuyatia kinywani. Nikimwita kula anasema ameshaonja wakati akikata. Nilimwamini, maana nani asiyeonja.

Mwisho wa mwezi wa nane tulirudi Aniak kwa sikukuu ya Mama wa Mungu, na hapo ndipo yalipotokea mambo ninayotaka kukuambia. Nilimkalisha Mama nyuma, nikatia moto wote, nikaachia breki, na ndege ikaondoka kwenye jiwe moja jeupe lililo katikati ya ufuko, mbali kabisa na kisiki. Sikuamini. Mafuta niliyajua, upepo haukuwepo, uzito wa Mama niliujua. Na mchele nilikuwa nakwangua njia yote ile, leo na Mama napaa kama bata! Nikasema ni vile vibati, au ni mkono wangu ambao hatimaye umekolea. Niliimba njia nzima mpaka Aniak, zile nyimbo za kanisani na nyingine ambazo si za kanisani.

Niliwasimulia watu wote. Evon alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Basi Mama anapaa vizuri kuliko mchele." Mji mzima ukalidaka neno hilo. Dukani wakawa wananiuliza kama nimekuja kununua mchele wa kupaa au wa kupika.

Tulipokuwa tunarudi kambini nilimpima Mama tena pale uwanjani. Uzito ule ule, mikono mfukoni. Siku mbili tatu baadaye nilipeleka Aniak shehena ya samaki wakavu, nimeipima kwa mizani ya kuning'iniza samaki tuliyo nayo hapa kambini ikalingana na Mama barabara. Ndege ikaondoka karibu na kisiki, pale pale pa mchele. Nilirudi kambini bila wimbo. Nilikagua propela, nikakagua vibati kimoja kimoja, nikapima upya upepo wa matairi. Nilimuuliza Evon kwa simu ya satelaiti. Akasema labda ni sala za Mama, na kwamba yeye kwa sasa ana tatizo kubwa kuliko langu, kwani kuna mtu anamuibia chubwi za kuzamishia wavu wake. Moja kabla ya mwezi wa saba, jingine siku zile za sikukuu, alisema, mafungu mawili ya risasi yametoweka bandani, nzito hizo, zenye rangi yake ya bluu, na anawashuku watu wa nyumba ya pili.

Jana mvua ilivuja juu ya kitanda cha Mama. Yeye alikuwa kwenye kibanda cha moshi anageuza samaki. Nikakivuta kitanda pembeni, na chini yake kulikuwa na ndoo ya beri imefunikwa kitambaa. Nikaifunua nikidhani ni beri. Zilikuwa chubwi za Evon, zimejaa ndoo, na rangi yake ya bluu juu yake.

Nilikaa kitandani nikiwa na moja mkononi. Sikuelewa mara moja, Zakar. Nilikuwa naipimapima tu, nikisikia uzito wake, mpaka nikaikumbuka ile mikono miwili mfukoni. Mama aliingia akanikuta hivyo.

"Mama, hizi chubwi za Evon zimefikaje hapa?"

"Zimepanda ndege."

"Zilikuwa kwenye mzigo gani? Mizigo yote mimi ndiye ninayeipima."

"Na mimi si ulinipima?" Akavua koti lenye maji, akalitundika. "Mzigo ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini. Alikaa karibu yangu, akaichukua ile chubwi, akairudisha kwenye ndoo kwa adabu kana kwamba ni yai.

"Mizani yako haijui kutunza siri. Ingekuambia nimepungua, nawe ungegeuza ndege moja kwa moja Anchorage. Nakujua. Huko wangenilaza, wangenichoma sindano, wangenipa ule uji wao. Na mume wangu bado hajaja kambini."

"Kwa hiyo siku ile ya sikukuu, nilipopaa mapema..."

"Huku mizani ni ya samaki tu. Nilizivua nikaziacha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," akasema Mama. "Niliona vibaya kukukatiza."

Nilicheka, mdogo wangu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikimfikiria Evon akiwatazama majirani zake kwa jicho baya, na Mama akitembea kwenda kwenye mizani na wavu mzima tumboni. Halafu nikajikuta nalia, na sikuweza kuacha. Nilikuwa nimehangaika kutoa betri na zulia na mbao ili niupate ufuko huu, nikajisifu mji mzima, na kumbe sehemu kubwa ya uhodari wangu wa siku ile ilikuwa ni Mama kupungua mgongoni mwangu bila mimi kujua.

Mvua ilipopumzika kidogo tuliifunga ile mizani ya samaki kwenye mti wa chanja, nikatengeneza kitanzi cha wavu, Mama akakaa ndani yake bila koti, bila viatu, mfuko mtupu. Akaning'inia hapo akibembea, miguu haigusi chini, moshi unampita. Alifurahi. Aliomba nimsukume. Namba yenyewe sitaiandika hapa, lakini nilisoma mara mbili na kisha nikageukia mto. Nilipomnyanyua kumtoa kwenye wavu ilikuwa kama kunyanyua nguo zilizokwisha kukauka.

Sasa nalirudia lile neno la mwanzo. Hatujambo, lakini Mama mgonjwa. Jioni nilizungumza na mhudumu wa afya wa Aniak kwa ile simu ya satelaiti. Hospitali ya Anchorage itampokea mwishoni mwa mwezi huu. Hatujui ni nini. Pengine ni kitu cha dawa tu, pengine ni kitu kingine, na sitaki kukudanganya wala kukutisha. Mama amekubali kwenda. Ameapa kwa jina la Baba, yule wa zamani na huyu wa sasa. Sharti lake ni moja tu, na unalijua.

Kwa hiyo nakuomba uje. Sisemi uje mwakani, wala kazi ikipungua, wala likizo ikipatikana. Uje kabla ya mwisho wa mwezi, na umlete Baba. Mvua hizi za vuli zinaendelea kuula ufuko, asubuhi nimekwenda kuutazama, na baada ya hapo ni theluji. Panda ndege kubwa mpaka Anchorage, ndogo mpaka Aniak, na kutoka Aniak mtu ni mimi. Nafasi nyuma ni moja. Baba bado hajafikisha miaka miwili, atakaa mapajani pako, na Marisol nitamfuata safari ya pili. Mwambie wifi asiogope. Mwambie nitatua kama ninavyolaza mtoto.

Kuna jambo moja tu ninalolihitaji kutoka kwako, na ulitume mapema, kwa simu, kwa njia yoyote ile. Uzito wako. Ule wa kweli, Zakar. Kwenye picha ya mwisho nimeona shavu limeongezeka, na Evon anasema ni bega pia, lakini sisi hatucheki, tunajaza mchele tu. Panda mizani bila viatu, kisha ukiwa umemshika Baba. Nitajaza magunia yalingane na nyinyi wawili, nitayafunga kwenye kiti kile, na nitaruka nayo kwenye ile kamba yenye fundo kila siku mpaka mtakapofika. Kipande kilichobaki ni kifupi, lakini nimekitembea chote kwa miguu na kinatutosha. Usinifichie tu kitu mfukoni. Kama kazi imekuelemea, kama kuna jambo kati yako na Marisol, kama umepunguza au umeongeza, niambie ulivyo. Familia hii imekuwa ikisema iko sawa kwa muda mrefu mno.

Msalimie sana wifi Marisol na mama yake. Evon anakusalimu, na mkewe Matrona pia, ambaye amemshonea Baba viatu vya manyoya na sasa anasikitika kwamba hajui ukubwa wa mguu. Wasalimie na mafundi wenzako wa juu ya mapaa. Mungu awashike mkono njiani, awape anga jeupe, na awape upepo wa usoni kila mnapotua.

Ni mimi akupendaye daima,
Dada yako,
Okalena.

Nyongeza. Mawingu yameanza kuachana na misonobari, nadhani kesho nitaruka na barua hii. Mama ameniuliza kama nimemaliza. Mchana huu amezitoa chubwi zote kwenye ndoo, akazifunga kwenye wavu wetu moja moja, tukautega. Umezama vizuri sana. Nimemuuliza Mama, Evon tutamwambia nini, akasema tumwambie atawakuta samaki wake humo. Sasa ule mfuko wa qaspeq ni mtupu, kila akipita unapepea. Anasema ameuweka wazi, maana mumewe anapenda kuokota mawe na atahitaji pa kuyatia.